Namna ya Kujiongezea Maneno

Watu wengi hudhani ya kwamba mwenye maneno mengi ni mtu aliyezaliwa na kichwa chepesi, na kwamba sisi wengine hatuna la kufanya ila kumhusudu. Dhana hiyo si kweli. Maneno hupatikana kama mali nyingine yoyote: kwa kuyatafuta, kuyaweka akiba na kuyatumia. Makala haya yaeleza namna ya kufanya hivyo kwa vitu vinavyopatikana katika shule yoyote ya serikali, yaani daftari, karatasi ngumu, vizibo vya soda na vinywa vyetu wenyewe.

Jambo lenyewe si dogo. Katika shule za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote huwa kwa Kiingereza. Tena huku Kahama wengi wetu tukiwa nyumbani husema Kisukuma, Kinyamwezi au Kisumbwa. Kwa hiyo aghalabu hutokea mwanafunzi akaijua habari yenyewe, lakini akakosa neno la kuitolea. Amemwona baba yake akipanda mahindi, amewaona wachimbaji wakiosha mchanga wa dhahabu, ameona maji ya dimbwi yakikauka kwa jua. Lakini swali linapomjia kwa maneno asiyoyazoea, hunyamaza kama asiyejua kitu. Msahihishaji wa mtihani hasomi mawazo yaliyomo kichwani mwetu. Yeye husoma maneno yaliyo juu ya karatasi tu.

NENO MOJA LILILOENEA MJI MZIMA

Kabla ya kueleza njia za kujifunza maneno, na tutazame kwanza neno moja ambalo watu wa huku walijifunza bila mwalimu wala ubao. Neno hilo ni makinikia.

Mgodi wa Buzwagi, ulio karibu na mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009. Pamoja na dhahabu iliyoyeyushwa, mgodi huo na ule wa Bulyanhulu ilitoa mchanga uliochenjuliwa nusu, wenye dhahabu, shaba na fedha ndani yake. Mchanga huo ulipakiwa katika makontena, ukapelekwa hadi bandari ya Dar es Salaam, na kutoka huko ukasafirishwa kwenda kuyeyushwa nchi za nje. Mwezi wa Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku kuupeleka nje, na makontena 277 yakazuiwa. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa taarifa yake mwezi wa Mei mwaka ule ule.

Kabla ya hapo neno makinikia lilijulikana na watu wachache. Baada ya majuma machache lilikuwa vinywani mwa wauza mboga, madereva wa bodaboda, wazee barazani na watoto wa shule. Mgodi wa Buzwagi uliacha uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake likapangiwa kazi mpya ya viwanda. Lakini neno lenyewe limebaki, wala hakuna anayelisahau.

Kwa nini? Yatupasa tulitazame jambo hili kwa makini, maana sababu zake ni nne, na hizo nne ndizo siri yote ya kujifunza maneno.

Sababu ya kwanza, neno lilikuja pamoja na kitu. Watu walijua mgodi uko wapi na mchanga unaosemwa umetoka wapi. Ya pili, lilirudi mara nyingi, tena kwa siku mbalimbali: leo redioni, kesho gazetini, kesho kutwa sokoni. Ya tatu, watu hawakulisikia tu, bali walilitumia wenyewe katika mabishano. Na mtu anayebishana hana budi kulitoa neno kichwani mwake mwenyewe. Ya nne, lilihusu maslahi yao: kazi, kodi na mali ya nchi.

Sasa linganisha na desturi ya wengi wetu. Mwanafunzi hunakili maneno 20 ubaoni siku ya Jumatatu, huyasoma mara tatu usiku ule, kisha hufunga daftari. Maneno yale hayana kitu cha kuonekana, hayarudi tena, hayatumiwi, wala hayamhusu. Kisha hushangaa kwa nini siku ya Ijumaa yamekwisha toroka.

KWA NINI KUSOMA TU HAKUTOSHI

Mambo haya yamechunguzwa na wataalamu. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima baada ya muda gani amezisahau. Katika kitabu alichotoa mwaka 1885 alionyesha ya kwamba usahaulifu huenda mbio sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Alionyesha pia ya kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio mengi ya mfululizo siku moja.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa habari za jaribio jingine. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi wazisome. Wengine wakazisoma tena. Wengine wakafunika karatasi na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Lakini walipopimwa baada ya juma moja, wale waliojilazimisha kukumbuka waliwashinda wenzao.

Maana yake ni hii: neno halikai kwa sababu umelitazama mara nyingi, bali hukaa kwa sababu umelichota kichwani mara nyingi. Ni kama kisima kipya. Kutazama ndani yake hakukupi maji. Sharti utumbukize ndoo na kuvuta. Basi kila chombo na kila mchezo nitakaoueleza hapa una kazi hiyo moja, yaani kutulazimisha kuvuta ndoo. Mchezo usiomlazimisha mtu kukumbuka, hata ukichekesha namna gani, haumwongezei maneno.

KUCHAGUA MANENO

Si maneno yote yanayostahili jasho sawa. Mwalimu Mwingereza aliyefundisha miaka mingi katika Bengal, jina lake Michael West, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno ya Kiingereza kama 2000 yanayotumika zaidi. Orodha hiyo ilikuwa msingi wa vitabu vingi vya kufundishia wageni wa lugha hiyo. Fikira yake ilikuwa nyepesi na nzuri: anayeanza asipoteze nguvu kwa maneno ambayo atakutana nayo mara moja katika mwaka, na huku hajayajua yale anayokutana nayo kila ukurasa.

Nasi twaweza kuyagawa maneno yetu katika makapu matatu.

Kapu la kwanza ni maneno ya kila siku yanayorudi katika kila kitabu. Hayo hayana budi kujulikana kabisa, hata bila kufikiri.

Kapu la pili ni maneno yanayotoa amri katika mitihani: taja, eleza, linganisha, tofautisha, thibitisha, jadili. Haya ni machache, lakini huangusha wengi. Mtu aliyeambiwa "eleza" akataja tu, hupoteza alama ingawa aliijua habari. Mtu aliyeambiwa "tofautisha" akaeleza kitu kimoja peke yake, hupoteza vile vile. Kwa Kiingereza mtego ni huo huo. Maneno hayo yaandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na chini ya kila moja uandikwe mfano wa swali na mfano wa jibu.

Kapu la tatu ni maneno ya somo lenyewe, kama vile mvuke, kani, ujazo na usanisinuru. Haya yafundishwe pamoja na kitu au tendo lake, kama makinikia yalivyokuja pamoja na mchanga.

Inafaa kuonya hapa juu ya maneno yenye maana mbili. Katika hesabu duara ni mviringo unaochorwa kwa bikari. Kwa wachimbaji wadogo duara ni shimo lao la kushukia kufuata mwamba. Darasani marudio ni kusoma tena yaliyokwisha somwa. Machimboni marudio ni mchanga uliokwisha oshwa mara moja, unaochenjuliwa tena kwa sababu dhahabu ingalimo. Kadhalika neno la Kiingereza "mine" ni mgodi, tena ni "yangu". Na "solution" katika hesabu ni jibu la fumbo, lakini katika kemia ni maji yaliyoyeyusha kitu. Asiyejua maana zote mbili ataisoma sentensi njema na kudhani imekosewa.

DAFTARI LA MANENO

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwanafunzi na awe na daftari dogo la maneno, mbali na madaftari ya masomo. Kila ukurasa ugawanywe kwa mistari kuwa sehemu nne. Katika ya kwanza aandike neno. Katika ya pili aandike maana kwa maneno yake mwenyewe, wala si kwa kunakili. Katika ya tatu aandike sentensi aliyoitunga yeye, inayohusu jambo analolijua. Katika ya nne aweke alama kila siku anapolikumbuka bila kutazama.

Sentensi ya kujitungia ina faida kubwa. Anayeandika "Dimbwi lile limekauka kwa sababu ya uvukizaji" na dimbwi lenyewe analijua, amelifunga neno na kamba asiyoweza kuikata upesi.

Maneno 5 kila siku ya masomo yatosha. Hayo ni 25 kwa juma. Kwa majuma 12 ya muhula ni 300. Kwa mihula miwili ni 600. Na kwa miaka minne ni 2400, nayo yazidi orodha ya Bwana West. Haba na haba hujaza kibaba.

SANDUKU LA KADI

Mwaka 1972 mtu mwingine, Sebastian Leitner, alieleza katika kitabu chake chombo rahisi sana. Chukua boksi la viatu, uligawe kwa karatasi ngumu kuwa vyumba vitatu. Kata kadi ndogo kutoka maboksi ya zamani au kalenda iliyopita. Upande mmoja andika neno, upande wa pili andika maana yake.

Kadi zote huanza chumba cha kwanza, nacho hupitiwa kila siku. Tazama neno, sema maana kwa sauti, kisha ndipo ugeuze kadi. Ukipata, kadi yahamia chumba cha pili, kinachopitiwa kila siku ya tatu. Ukipata tena, yahamia chumba cha tatu, kinachopitiwa mara moja kwa juma. Lakini ukikosa, hata kama kadi ilikuwa chumba cha tatu, hurudi chumba cha kwanza bila huruma.

Uzuri wa sanduku hili ni kwamba maneno magumu hukujia mara nyingi, na mepesi hayakupotezei wakati. Madawati mawili yaweza kushirikiana sanduku moja. Mmoja ashike kadi na mwenzake ajibu, kisha wabadilishane.

MICHEZO MINNE

Mchezo wa kwanza: Kitendawili cha neno. Huu ni wa wazee wetu, nasi tumeupokea tu. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenzake huitikia, "Tega!" Naye hulieleza neno la somo bila kulitaja. Wakishindwa, humpa mji. Naye akiisha kuukubali mji huo, hutoa jibu. Mchezo huu una faida mara mbili. Anayetega hawezi kutega neno asilolielewa. Na anayetegua hulazimika kulitafuta kichwani mwake. Sharti ni moja, kila kitendawili kiwe kipya na kimetungwa juu ya neno la juma lile.

Mchezo wa pili: Fahali na fahari. Kisukuma hakina sauti ya r, kwa hiyo wengi wetu huchanganya r na l tunaposema Kiswahili, na kosa hilo hutufuata hata katika kuandika. Si jambo la kuchekana. Kila lugha ina sauti zake, na sikio hujifunza kama mkono ujifunzavyo kushika jembe. Kiongozi wa mchezo husoma neno moja kutoka jozi hizi: fahali na fahari, kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari, mbali na mbari. Wanaosikia l hukaa, wanaosikia r husimama. Baada ya kila neno mmoja hutakiwa kutunga sentensi. Kisha zamu ya kusoma hupewa wale wanaokosea zaidi, maana ulimi nao wataka mazoezi. Tena maana ya jozi hizo huwafundisha wote kwa nini sauti moja ni kitu kikubwa. Mtu akialikwa kwenye karamu akaenda na kalamu, atarudi na njaa.

Mchezo wa tatu: Vizibo. Mmarekani Alfred Butts alibuni mchezo wa herufi ulioitwa Scrabble tangu mwaka 1948. Ili ajue aweke herufi ngapi za kila aina, alihesabu herufi katika magazeti. Katika seti yake ya Kiingereza herufi E ziko 12, na A ziko 9. Seti hiyo haitufai kwa Kiswahili. Sisi hatuna kazi na Q wala X. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Na A ndiyo mfalme wa herufi zetu. Basi kusanyeni vizibo 100 vya soda, mvioshe, na ndani ya kila kimoja mbandike karatasi yenye herufi. Seti hii yafaa kuanzia: A 19, I 10, U 8, E 6, O 5, N 6, K 5, M 5, W 5, L 4, H 4, S 4, T 3, Y 3, Z 2, R 2, B 2, na kimoja kimoja cha D, F, G, J, P, V na CH. Kila mchezaji huokota vizibo 9 bila kutazama, hutunga neno refu awezalo, na kueleza maana yake. Neno lisiloelezwa halihesabiwi, hata likiwa refu kama reli. Darasa linalopenda hesabu na lichukue ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili, lihesabu herufi zake, na kuisahihisha seti hii.

Mchezo wa nne: Ukoo wa neno. Darasa hugawanywa makundi mawili, na ubao hugawanywa kwa mstari. Mwalimu hutoa kitenzi kimoja. Mmoja wa kila kundi hukimbia ubaoni, huandika neno moja lililozaliwa na kitenzi hicho, na kumpa mwenzake chaki. Tuseme kitenzi ni chimba. Watapata chimbwa, chimbika, chimbia, mchimbaji, uchimbaji, chimbo na machimbo. Atakayefika mbali atakumbuka chimbuko, yaani mahali jambo linapoanzia. Mwishoni kila kundi huulizwa maana ya maneno ya kundi la pili, na lisilojua hupoteza alama.

UKOO NA UJIRANI WA MANENO

Mchezo huo wa mwisho hutufundisha jambo kubwa. Neno la Kiswahili mara nyingi si mtu mmoja, bali ni ukoo. Anayejua chenjua amekwisha kuzijua nusu mchenjuaji na uchenjuaji. Anayelitazama neno makinikia ataliona neno makini ndani yake. Na aliyefundishwa shule ya msingi neno usanisinuru na aligawe: sanisi ni kuunda kwa kuunganisha, na nuru ni mwanga. Hilo ndilo jani lifanyalo, huunda chakula chake kwa mwanga. Akifika Kidato cha Kwanza akakutana na neno la Kiingereza "photosynthesis", asidhani amekutana na mgeni. Neno hilo limeundwa na maneno ya Kiyunani yenye maana hizo hizo, mwanga na kuunganisha. Ni habari ile ile imevaa nguo nyingine.

Wala tusiitupe lugha ya nyumbani. Wako wanaodhani ya kwamba Kisukuma humzuia mtoto kujua Kiswahili. Lakini lugha hizi ni ndugu. Msukuma husema munhu na banhu, Mswahili husema mtu na watu. Ng'wana ni mwana, numba ni nyumba, mbuli ni mbuzi. Darasa laweza kuchora ukutani safu tatu, ya Kisukuma, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kila juma wanafunzi wakaongeza maneno waliyoyaleta kutoka kwa bibi na babu. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kimekopa huku kwetu. Ikulu, jina la makao ya Rais wetu, latokana na lugha za Wanyamwezi na Wasukuma, ambao kwao ikulu ilikuwa makao ya mtemi. Na Mwalimu Nyerere alipokuwa akiacha madaraka mwaka 1985, watu wote walijifunza neno ng'atuka kutoka Kizanaki, lugha ya kwao. Hilo nalo ni neno lililoenea kwa njia ile ile ya makinikia.

KAMUSI

Kamusi ni mwalimu asiyechoka kuulizwa. Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson ilitolewa mwaka 1935. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoka mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA mwaka 2015. Anayetafuta kitenzi aondoe ku- ya mwanzo: kuchenjua hutafutwa penye ch, wala si penye k. Akisha kuliona neno asifunge kitabu upesi, bali asome maana zote, kisha atazame maneno ya jirani, maana hapo ndipo ukoo wa neno unapokaa.

Lakini kamusi isifunguliwe kabla ya kufikiri. Kwanza isome sentensi nzima na ukisie maana. Kisha funua uone kama umepatia. Neno ulilolikisia, hata ukikosa, hukaa kichwani kuliko lile ulilopewa bure.

FAIDA YAKE NJE YA SHULE

Huenda mtu akasema, "Mimi sitaki kuwa mwalimu wala mwandishi, maneno mengi ya nini?" Na aangalie ukanda huu wetu wa dhahabu, toka Kahama hadi Geita. Mgodi unapofika mahali, maneno hutangulia mbele ya mitambo. Huja tathmini, yaani kupima thamani ya shamba na nyumba. Huja fidia, yaani malipo kwa aliyepoteza. Huja mkataba, leseni, hisa na mrabaha. Mwaka 2017 sheria ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na habari hiyo ilimhusu kila raia. Lakini asiyejua ya kwamba mrabaha hutozwa juu ya thamani ya madini yenyewe, na wala hausubiri faida, hakuweza kujua ni jambo gani lililobadilika.

Katika nyumba nyingi mtoto wa sekondari ndiye anayesomewa na kuulizwa, "Mwanangu, barua hii yasemaje?" Akiwa hajui tofauti ya tathmini na fidia, ataisoma kwa sauti nzuri, na baba yake atatia saini jambo ambalo wote wawili hawakulielewa. Mtoto huyo hakukosa kusoma. Alikosa maneno mawili tu. Hapo neno moja laweza kuwa na thamani ya ekari nzima.

Basi, ndugu wasomaji, tusingoje mwalimu atuletee orodha. Leo hii kila mmoja achukue daftari na aandike maneno 5, kila dawati litafute boksi moja la viatu, na kila darasa lianze kukusanya vizibo. Wachimbaji wadogo huuchenjua tena mchanga wa marudio kwa sababu wajua dhahabu haitoki yote kwa mara moja. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa maneno yetu.

VITENDAWILI VYA KUJARIBU

Msomaji na ajaribu kutegua hivi kabla ya kutazama majibu.

1. Nala mawe mchana kutwa wala sishibi. Natema unga, lakini hausongi ugali.

2. Mimi ni maji yenye sura ya fedha, lakini sinyweki. Naikumbatia dhahabu, na anishikaye namdhuru.

3. Mimi ni mti nisiyezaa tunda, lakini nimesimama shimoni ili ardhi isimwangukie mtu.

4. Mpishi wangu hana chungu wala moto. Kuni zake ni jua.

5. Mimi si mwizi, lakini nachukua sehemu yangu kabla mwenye mgodi hajahesabu faida.

Majibu: 1. Karasha. 2. Zebaki. 3. Matimba. 4. Jani katika usanisinuru. 5. Mrabaha.